Maua ya Kikanda

Miaka makumi tatu nilikata kikanda ku soko ya Naviundu. Nilikata na mimba, nilikata na matanga mu nyumba, nilikata na jino yenye kuuma. Kila muntu ya hapa anajua kikanda: mizizi yenye inatoka kule juu ku plateau, unaikausha, unaisaga, unachanganya na kalanga ya kusaga, chumvi, pilipili na soda kiloko, unapika mu sufuria mpaka inakamata, unaweka makala juu ya kifuniko, kiisha unaikata bipande kama mukate. Ya kwangu haikubomokaka ku kisu. Bantu balitoka mpaka mutaa ya Makomeno na motokari yabo juu ya kuitafuta. Sijisifu. Bon, najisifu kiloko.

Lakini kama siku moja muntu angeniuliza, "Mama, kikanda inatoa maua gani?", ningemucheka mbele ya bantu. Maua? Kikanda inatoka mu saki. Saki inashuka ku kamyo. Kamyo inatoka ku plateau. Mbele ya pale, Mungu anajua, haikuwa kazi yangu.

Mwenye aliniletea ile mambo ya maua ni mujukulu yangu, mutoto ya binti yangu ya kwanza. Nilimulea miye, nyanya yake, kambo vile tunasemaka. Miye masomo niliiachia ku mwaka ya tatu ya primaire, juu baba yangu, muntu ya reli, alisema mwanamuke akijua kuhesabu mpaka kumi inatosha, bidole biko kumi. Yee eko ku université, eko anasoma agronomie, masomo ya kulima. Ku lupango yetu, kiwanja ya nyumba, kule mutaa ya Annexe, simuitake na sauti ya chini. Nasimamaka ku mulango, naita na nguvu: "Weye wa université! Kuya kukula, bukari inapoa!" Majirani basikie. Bale benye masikio ya kufa nabo basikie.

Siku moja, mvula ikiwa inaanza kuisha, akakuya kunikuta ku meza yangu ya soko.

"Kambo, nataka mizizi ya kikanda yenye haijakauka."

"Unataka kupika?"

"Nataka kuipanda."

Nilicheka mpaka kisu ikaanguka chini.

"Mbanda yangu," nikamuambia, juu kambo na mujukulu mwanamuke tunaitanaka vile, bake wenza, tunapiganiaka mume moja yenye alishakufa, "kikanda haipandwaka. Unaweza kupanda chumvi?"

"Professeur naye alisema vile vile."

"Basi ile professeur eko na akili."

"Kambo!"

Akaikala juu ya ndoo yangu na akanielezea. Kule ku plateau bantu banachimbula, banachimbula, habaache kintu. Zamani kamyo ilienda siku moja na ilirudia imejaa. Sasa inaenda mbali, inarudia nusu. Ile nilijua, saki zangu zilinionyesha. Yee alitaka kuonyesha kama kikanda inaweza kupandwa na mukono ya muntu, hapa mu muji. Professeur alikubali na kichwa ngumu, na sharti: mbele ya mvula ya mwaka yenye kukuya kuisha, kikanda yake itoe maua, hata moja. Ikitoa, ataandika kazi yake ya mwisho, mémoire, juu yake na atamaliza. Ikikosa, anatafuta kazi ingine, anaanza ku zero, anapoteza mwaka.

Mwaka moja! Bantu banasema mwaka moja kama vile ni kintu kidogo. Binti ya jirani yetu alipoteza mwaka moja. Leo eko na batoto batatu na hana diplome.

Nikafunga meza yangu. Tukaenda ku benye banashusha saki, nikapindua saki ingine mpaka chini, bakanitukana, nikabatukana. Na pale njo nilimufundisha mujukulu yangu kintu yenye haikuwa mu bitabu byake. Kila muti ya kikanda iko na mizizi mbili chini. Moja imelegea, ukiifinya inaingia ndani: ile njo mama. Ingine ni ngumu, imejaza ngozi yake kama mutoto mwenye alishiba: ile njo mutoto. Mama anakulisha majani ya mwaka huu, kiisha anakufa. Mutoto analala mu udongo, anangojea mvula ingine. Siye ba soko tunatupa mama, tunasaga mutoto.

"Panda mutoto," nikamuambia.

Akatosha bic, akaandika. Maneno yangu! Mu kayé ya université! Ile siku nilitembea ku soko kama muntu mwenye alivaa viatu vipya.

Fasi ya kupanda aliipata mu ile bustani kubwa ya muji, yenye siye tunaitaka jardin. Mukubwa ya bajardinier, muzee moja ya kofia ya majani na botte za kaoutchou, alimupatia kipande kama mikeka mbili, ku upande ya chini. Bakapanda yee na ule muzee. Mujukulu yangu alileta saki ya udongo nyeusi ya plateau, juu anasema kikanda haipende udongo ya wengine, na kila muzizi aliivika bonge ya ile udongo, kama vile unavika nyama mu unga mbele ya kukalanga. Miye sikuwa pale. Nilikuwa ku soko. Muweke ile mu kichwa, juu matata yote inatoka pale: mabonge nyeusi, sikuiona.

Kiisha bakamutuma mu stage ya kujifunza kazi, mbali, ku mashamba, mpaka mvula irudie. Mbele ya kupanda kamyo akanikamata mikono yote mbili.

"Kambo, kila siku ya posho, kila Jumamosi, nenda uangalie ku jardin. Bantu basikanyage, mbuzi zisiingie. Lakini usiguse kintu, ni macho tu. Uangalie paka."

"Nililea batoto saba," nikamuambia. "Najua kuangalia."

Mu hii muji nilikuwa mukubwa, nilizeeka, na mu ile bustani sikuingiaka hata siku moja. Nilipitaka inje na beseni ku kichwa. Nilifikiri ni fasi ya bantu benye habana kazi, na ya bamariée, babibi harusi. Juu kila siku ya posho bamariée banakuya pale kupigwa photo, moja nyuma ya ingine, na klaxon za motokari, na bamama benye kuvaa kitenge moja, na bapiga-photo benye kubapigisha magoti.

Siku ya kwanza nikakuta baridi ya mwezi ya sita, na bougainvillier ku ukuta, nyekundu, ya orange, nyeupe, zote zimepandana kama batoto mu kitanda moja. Nikasimama. Ule muzee ya kofia akanikaribia.

"Jambo mama."

"Jambo papa. Hii maua inakuliwa namna gani?"

"Haikuliwe, mama. Inaangaliwa."

"Mayi yote hii, nguvu yote hii, juu ya kuangalia?"

"Na weye mama, ulikuya kufanya nini?"

Nikafikiri.

"Kuangalia," nikasema.

Akacheka, na ile siku tukawa bandugu. Akanipeleka ku mikeka mbili ya mujukulu yangu. Hakuna kintu. Udongo, majani ya kukauka, na tumiti tudogo twenye namba, twenye yee alisimika. Nikaangalia paka, macho tu, kama alivyosema. Unajua kuangalia udongo tupu inachosha namna gani? Dakika tano, unaona mambo yako yote ya mu maisha.

Basi nikaanza kuangalia na bingine. Ku roza nilifika, nikanusa moja moja, zile zenye kunuka sabuni na zile zenye kunuka kitu ya kweli. Kila juma nilirudia. Mara ya kwanza nilisema ni juu ya mujukulu yangu. Mara ya ine nilikuwa nadanganya. Nilimuachia meza yangu mama mwenye anauzisha binkubala, bidudu bya kukausha, kando yangu, nikafunga foulard ya mupya ku kichwa, nikaenda. Mu mwezi ya nane kulikuwa muti moja pale yenye haikuwa na jani hata moja, kavu kama mukongojo, na juu yake maua nyekundu tu, moto juu ya fimbo. Nikauliza muzee kama imegonjwa. "Haina, mama. Inavaa mbele ya kukula." Na nilikuwa najua bamama ya namna ile.

Alinionyesha na shimo yao ya majani, kule chini kabisa, karibu na robinet, bomba ya mayi yenye inavuya tangu sijue wakati gani. Majani yote ya bustani inatupwa pale.

"Munachoma siku gani?" nikauliza.

"Hatuchomake. Tunaacha inaoza, inakuwa chakula ya maua."

"Kwetu Annexe tunachoma."

"Njo maana kwenu hakuna maua."

Alinipata.

Sasa, ile siku. Ilikuwa siku ya posho, vumbi mingi, jua ya kupasula midomo. Ule muzee hakuwako, alienda ku matanga ya ndugu yake. Miye niko nasimama mbele ya mikeka yetu mbili. Mariée moja anapita na bantu yake, na mama moja ya kitenge, munene, mudomo mukali, anasimama, anaangalia udongo yenye kulala urefu, tumiti twenye kusimama, majani ya kukauka, na anasema:

"Yo! Banazika bantu na humu? Hii ni kaburi ya nani?"

Bote bakacheka. Mariée naye akacheka mu voile yake ya kufunika sura.

Moyo yangu ikawaka. Kaburi! Masomo ya mujukulu yangu, kaburi! Na aibu yenye kupita yote: aliona uchafu, na miye nilikuwa nasimama kando yake na mikono mu kiuno. Muelewe kintu moja. Kwetu, mwanamuke mwenye haamuke mbele ya jua kukomba lupango yake, bantu banauliza kama mu nyumba kuko mugonjwa. Mama yangu alinichapa na fagio juu ya jani moja. Jani moja! Na miye nilibachapa bangu. Uwanja muzuri ni uwanja yenye udongo yake inangaa nyekundu, hakuna kintu juu, hata nyoka ikipita unaisoma njia yake.

"Usiguse kintu." Nilikumbuka, usifikiri sikukumbuka. Lakini nikajiambia: kukomba haiko kugusa.

Nikaingia mu kibanda ya bajardinier, nikatosha fagio na jembe yabo, lukasu. Nikaondosha majani. Chini ya majani nikakuta mabonge nyeusi, ngumu kama majiwe, imetawanyika mu udongo yetu nyekundu. Nikasema, angalia, bantu balichoma makala hapa, bakaacha buchafu yabo mu kazi ya mutoto. Nikaparula yote na lukasu. Beseni tatu nilibeba ku kichwa mpaka ku shimo ya majani, nikatupa. Nikarudia, nikakomba, nikanyunyiza mayi, nikapanga tumiti twa namba mustari moja. Ilikuwa muzuri! Ingekuwa kaburi, ingekuwa kaburi ya chefu.

Miaka makumi tatu nilishika kikanda kila siku, na ile siku nilipita nayo ku kichwa, sikuijua. Niliijua tupu. Sikuijua na nguo yake.

Muzee ya kofia aliporudia ku matanga, akaona udongo safi, akafikiri mabonge ingali chini yake, akasema paka, "Mama, unakombaka sana." Nikasema aksanti.

Kiisha jacaranda zikapasuka. Ile mwezi sitaisahau. Njia yote ya bustani ikawa rangi ya mauve, zambarau ya kufifia, juu mauve, chini mauve, bantu benye kupita nabo mauve ku sura. Maua inaanguka bila kelele, inakuanguka mu nywele, mu kitunga, mu kinywa ukifungua kinywa. Niliikala chini kama mutoto. Nilikula kalanga zangu pale. Bajardinier balikuwa banakomba maua na mikokoteni, banaenda kuitupa ku shimo, na asubui ingine chini imejaa tena. Nikajisemea, bamama ya soko banakufa bila kuona hii, na iko pembeni yabo, ku bisi moja.

Na nilikuwa nangojea mujukulu yangu arudie aone udongo yake inangaa.

Alirudia na mvula ya kwanza, amekonda, amechomwa na jua. Hakupita hata ku nyumba. Tukakutana ku mulango ya bustani, nikamutangulia njiani, nikafika ku mikeka mbili, nikafungua mikono.

"Unaona?"

Akaangalia. Akainama, akatia kidole mu udongo.

"Kambo. Udongo nyeusi iko wapi?"

"Ile makala? Niliitupa."

Hakulalamika. Aliikala chini, mu mayi, na patalo yake safi ku miguu.

"Ilikuwa udongo ya plateau, kambo. Kila bonge ilikuwa na mutoto ndani."

Mutoto. Na neno yangu mwenyewe alinichapa, na hakujua.

Tukakimbia ku shimo. Tangu siku yangu ya fagio balikuwa balimwanga pale majani ya bustani muzima, na jacaranda yote ya mwezi muzima juu yake. Ilifika ku kiuno. Tukachimbula na mikono, yee, miye na ule muzee, mpaka mvula ikatufukuza. Tulipata mabonge mbili, imepondeka, ndani hakuna kintu. Yenye kubakia, nani angejua iko wapi?

Njiani ya kurudia, akaniambia: "Usilie, kambo. Nitamuambia professeur haikuota."

"Juu ya nini usimuambie ni miye?"

"Juu weye ni kambo yangu."

Ile njo iliniuma kupita yote. Mutoto angebeba mwaka ya kupoteza ku mugongo, na angefunga kinywa juu ya heshima yangu.

Asubui ingine nikavaa kitenge yangu ya misa, nikaenda ku université peke yangu. Niliuliza mulango kumi. Professeur alikuwa muntu mwembamba, miwani ku paji ya uso.

"Ile kikanda haikukufa yenyewe," nikamuambia, hata sijaikala. "Miye njo niliikomba. Mutoto alipanda muzuri. Umuandikie vile."

Akashusha miwani.

"Mama, weye si mama ya kikanda ya ku soko ya Naviundu?"

"Ni miye."

"Nakulaka kikanda yako kila siku ya tano."

"Basi unajua sidanganye."

"Hujadanganya. Lakini neno yangu ni moja: maua mbele mvula iishe. Mvula haijaisha, imeanza." Akanisindikiza mpaka ku mulango. "Na hata kikanda yako, mama, haitanigeuza."

Nilimukasirikia, na nilimupenda. Muntu mwenye anasimama ku neno yake, siku hizi, unaweza kumuweka mu bustani bantu bamuangalie.

Mvula ikanyesha, Noeli ikapita. Miti ya flamboyant ikatoa maua yake nyekundu, njia yenye ilikuwa mauve ikawa kama bantu balichinja kuku pale. Nilikuwa naenda vile vile kila siku ya posho. Hakuna mwenye alinituma tena. Nilikuwa nakomba njia ya ule muzee, bila neno, njia paka. Fagio yangu haikuvuka mustari. Mujukulu yangu alikuwa anatafuta kazi ingine ya kuandika, anafungua kitabu, anafunga. Ku nyumba nilimuita kukula na sauti ya chini. Jirani akakuya kuniuliza kama mutoto anagonjwa.

Mu mwezi ya pili, muzee ya kofia akaniita kule chini.

"Mama, nisaidie. Hii shimo imeota pori, inanifungia njia."

Kweli, juu ya majani ya kuoza kulikuwa kumeota kila kintu: malenge, tomati, mapapai ya kidole moja. Na kando, upande yenye robinet inavuya, kulikuwa majani mapana yenye kulala chini, na katikati yake mukongojo moja moja yenye kusimama, na juu ya kila mukongojo maua tudogo, rangi ya rose, pinki, twingi, twenye kupandana kama punje ya muhindi. Nikainama. Kila kaua ilikuwa na kichwa ya kufunika, kama mama mwenye alijifunika foulard asubui ya baridi, na nyuma yake mikia mbili. Sikuonaka ile kintu mu maisha yangu.

"Ni muzuri," nikasema.

"Ni pori," akasema muzee. "Tosha, utupe."

Nikakamata moja chini kabisa, nikavuta. Ikatoka na udongo. Na macho yangu haijajua bado, kidole yangu ya gumba ilishajua. Chini kulikuwa mbili. Moja ilikuwa inalegea, ikaingia ndani. Ingine ngumu, imejaza ngozi yake.

Nikaipangusa ku kitenge, nikaivunja na meno. Ikatoa ute, ikavuta kamba ku mudomo. Ile kamba niliivuta miaka makumi tatu.

Muzee alikuwa amenyanyua lukasu.

"Papa! Acha lukasu! Acha!"

Akaruka nyuma na botte zake. "Nyoka?"

"Haina nyoka! Kikanda!"

"Kikanda ya kukula?"

"Kikanda ya université!"

Alifikiri nimepoteza kichwa. Nilikuwa nacheka, nalia, na udongo ku meno. Tukahesabu, muzee na miye, bidole yangu ikaisha, tukaongeza: kumi na moja yenye kusimama. Na yangu, yenye ilikuwa mu mukono, nusu mu tumbo.

Nikapiga telefone. "Mbanda yangu, kuya ku jardin. Usilete kitabu. Lete professeur."

Balikuya bote na mvula ya mangaribi. Mujukulu yangu akateremka ile mutelemko akikimbia, akaanguka na goti mbili mbele ya shimo, na hapo akabakia. Hakugusa kintu. Aliweka paka mikono pembeni ya uso kama bantu benye kuangalia ku dirisha. Professeur akainama, akafungua kaua moja na kalamu, akaangalia, akasimama, akainama tena.

"Nani alichagua hii fasi?" akauliza. "Iko na mayi kiloko, majani ya kuoza juu, haikauke. Hata miye nisingeiwaza."

Mujukulu yangu akaniangalia.

"Ni kambo."

"Na alipanda na njia gani?"

"Na fagio," nikasema miye.

Ule muntu mwembamba akacheka mpaka miwani ikaanguka mu malenge. Kiisha akajipangusa, akamuambia mutoto: "Maua ni maua. Sikusema itoke fasi gani. Andika yote, na fagio uiandike."

Akahesabu naye. Kumi na moja. "Ya kumi na mbili iko wapi? Naona shimo yake."

Nikajifanya naangalia robinet.

"Kambo," mujukulu yangu akasema, "ulikula mémoire yangu?"

"Kiloko paka," nikasema. "Ilikomaa muzuri."

Ule usiku niliita majina yake yote ku mulango ya lupango. Hata benye bako ku barabara balikuya kuuliza kuko nini. Nikabaambia: bukari inapoa.

Siku ya posho yenye ilifuata, bakazungusha shimo na kamba, na mujukulu yangu akanipa kiti na kazi ya kulinda. Niliikala pale na foulard yangu ya mupya. Flamboyant ilikuwa inamaliza maua yake, roza zilikuwa zimerudia. Bamariée balipita juu, ku njia, moja nyuma ya ingine, na klaxon. Moja, mariée kijana kabisa, sura ya kucheka, akaona ile rangi ya rose kule chini, akanyanyua nguo yake, akashuka na banamuke batatu nyuma benye kushika mukia ya nguo isichafuke.

"Mama, maua muzuri! Natafuta ya kuongeza mu bouquet yangu. Inaitwa namna gani?"

"Kikanda."

Akanicheka. Alicheka na meno yote, mpaka voile ikatikisika.

"Mama, weye! Kikanda inatoka ku soko."

Nikamuangalia namna anacheka. Nilikuwa nakijua kile kicheko, ni yangu kabisa, niliibeba miaka makumi tatu.

"Kuya karibu, mama yangu," nikamuambia. "Inama. Inama tena, nguo itaoshwa. Unaona kale kafoulard ku kichwa yake? Unaona mikia nyuma?"

Akainama. Mukono yake ikaanza kutoka, yenyewe, na pete yake ya mupya.

"Usiguse kintu," nikasema. "Uangalie paka."